Mchumba Wangu, Mjomba Wangu?

Mnapendana. Mwezi wa harusi mmeshapanga, kamati imeshakaa mara mbili, fundi ameshapima gauni, na lile grupu la michango la WhatsApp linalia usiku na mchana. Halafu siku wazee wa pande mbili wanakutana, mzee mmoja anaweka kikombe cha chai chini, anakohoa kidogo, anauliza: "Hivi huyu kijana, bibi yake mzaa baba si yule wa pale Kanyenye?" Msomaji wangu, swali dogo la namna hiyo linaweza kusimamisha harusi kuliko deni la ukumbi.

Mimi limenikuta. Nina miaka thelathini, nafanya kazi Dar es Salaam, na mwenzangu ni mhandisi. Tulipojuana, kitu kilichotuunganisha haraka ni Tabora. Wote wawili ni watu wa huko, wote tumekulia maembe ya huko, wote tunajua kwamba asali ya Tabora ikiwa mezani nyingine inarudi kabatini. Mwaka mzima na nusu hakuna aliyewaza kumuuliza mwenzake: wewe ni wa nani hasa?

Siku barua ya posa inasomwa, kaka mkubwa wa mama yangu ndiye aliyeuliza swali la Kanyenye. Alipojibiwa, akanyamaza kama dakika nzima. Kisha akasema, "Haiwezekani. Huyu ni mjomba wa huyu binti. Ni mjomba wake kama mimi nilivyo mjomba wake."

Mshenga alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani.

Kiswahili kinavyowapanga ndugu

Wengi wetu wa mjini tumeshazoea kusema "binamu" kwa kila mtu ambaye si kaka wala dada lakini tunakutana naye msibani. Wazee hawahesabu hivyo. Kwao watoto wa baba mkubwa na baba mdogo ni kaka na dada zako, basi, na watoto wa mama mkubwa na mama mdogo vilevile. Mabinamu ni watoto wa shangazi na watoto wa mjomba. Hao ndio mnaotaniana, na hao ndio wa ule msemo wa mitaani, binamu nyama ya hamu.

Kuna jambo jingine ambalo vijana hatulioni. Kwetu kizazi kina nguvu kuliko umbali. Waingereza wana neno moja la "cousin", wakishalipata wanaliongezea namba na ngazi. Sisi binamu wa mama akiwa mwanamume tunamwita mjomba, hata kama mama alikutana naye mara mbili maishani na hata kama umri wake ni sawa na wako. Ndiyo maana unamkuta mtoto wa darasa la pili anaamkiwa "shikamoo babu" na dada wa chuo kikuu, na watu wazima wanaona sawa tu.

Kwa hiyo mjomba wangu hakuwa anabuni. Alichosema ni kwamba mama yangu na mchumba wangu wako mstari mmoja kutoka kwa mzee mmoja. Kazi yangu ikawa kumpata huyo mzee na kupiga hesabu.

Hesabu yenyewe haihitaji kompyuta. Mtafuteni mtu mnayekutania wote wawili, kila mmoja ajiulize: kwa huyo, mimi ni nani? Mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe au kilembwekeza? Wajukuu wawili wa mtu mmoja, waliozaliwa na watoto tofauti, ni binamu wa daraja la kwanza (hapa naacha kwa muda ile tofauti ya wazee ya baba mdogo na shangazi, maana damu haiijui). Vitukuu wawili ni daraja la pili. Vilembwe wawili, la tatu. Kama hamlingani, aliye karibu zaidi na mzee ndiye anayetoa daraja, na tofauti ya vizazi ndiyo ngazi. Mjukuu na kitukuu ni daraja la kwanza, ngazi moja.

Mzee wetu, kwa jinsi mjomba alivyosimulia, alizaliwa enzi za misafara. Mwanawe wa kiume ndiye aliyemzaa babu yangu, babu akamzaa mama, mama akanizaa mimi. Mimi ni kilembwe. Upande wa pili mzee alikuwa na binti, binti akazaa mtoto wa kiume ambaye alichelewa sana kuoa, na huyo ndiye baba wa mchumba wangu. Mwenzangu ni kitukuu. Kitukuu na kilembwe: binamu wa daraja la pili, ngazi moja. Na hiyo ngazi moja, kwa Kiswahili chetu, ndiyo iliyomvika ujomba.

Nilimtumia meseji: "Shikamoo mjomba." Hakujibu mpaka jioni.

Undugu wa njiani

Nilipanda basi kwenda Tabora peke yangu. Alikuwepo bibi mmoja tu ambaye angeweza kusema neno likasimama, mdogo wake babu, ana miaka themanini na kitu, macho yamechoka lakini kumbukumbu kali ile mbaya.

Kabla sijafika kwake niwaeleze kwa nini Tabora ni mahali pagumu kwa mambo haya, na kwa nini ndugu zangu wa Ujiji, Bagamoyo na miji yote ya njiani mtanielewa haraka. Kati ya Bagamoyo na Ujiji kuna kilomita zipatazo 1,200, na katika karne ya 19 hiyo ilikuwa barabara kuu ya nchi hii. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na vitambaa, shanga na nyaya, mzigo wa kama frasila mbili kichwani au begani, yaani kilo zaidi ya 30. Kutoka pwani mpaka Unyanyembe ilikuwa safari ya miezi kama mitatu. Watu walikaa njiani, wakaugua njiani, wakaoa njiani. Wanawake nao walitembea na misafara, si kwamba walibaki nyumbani wakisubiri. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora hiyo, mwezi wa Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wameshajenga na kupanda miti.

Biashara ilitaka undugu, kwa sababu bila ndugu hupiti. Wengine waliupata kwa ndoa. Baba yake Tippu Tip, Muhammad bin Juma, alikuwa na mke Unyanyembe, Karunde, binti wa mtemi Fundikira, na kwa ndoa hiyo akawa mtu wa nyumbani kabisa. Wengine waliupata kwa chale. Mirambo na Stanley walichanjiana damu Aprili 1876, wakawa ndugu, ingawa mmoja alikuwa mtemi wa Urambo na mwingine ni mwandishi aliyezaliwa Wales. Sasa fikiria mapagazi wangapi wasio na majina vitabuni walichanjiana vilevile, na watoto wao wakakua wakiambiwa "yule ni baba yako mdogo". Baada ya vizazi vitatu nani anakumbuka kama ilikuwa tumbo au wembe?

Na wengine, tuseme ukweli, waliupata undugu kwa mdomo. Tippu Tip mwenyewe anasimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba alipofika Utetera, ndani ya Kongo, alisikia habari za dada za mtemi Kasongo Rushie waliotekwa zamani. Akajitokeza kuwa yeye ni damu ya mmoja wao. Mtemi akampokea kama mtoto aliyepotea na kumkabidhi nchi. Ukoo mmoja wa kutunga, na utawala juu yake! Nikikumbuka hilo huwa sishangai nikisikia watu wa Tabora wanaulizana nasaba kwa sauti ya chini.

Halafu kuna utani. Wanyamwezi na Wazaramo, kwa mfano, wanataniana kwa sababu ya hiyo hiyo njia ya pwani, na mtani naye huitwa ndugu, huzika na huchukua vitu msibani. Hakuna hata tone la damu hapo.

Lakini undugu ulionipeleka kwa bibi ni wa aina nyingine, na ndio mgumu kuliko wote kuutaja mezani.

Alichosema bibi

Anakaa Isevya. Nilimkuta amekaa barazani anachambua mboga, nikapiga goti, "Shikamoo bibi", akaitikia marahaba na kuuliza kama nimekuja kuposwa au kuolewa. Habari zilishafika kabla yangu, simu za wajomba hazilali.

Nikatoa daftari, nikachora duara la yule mzee juu, na mistari miwili ikishuka. Bibi akaweka kidole kwenye duara la binti. "Huyu ni shangazi yangu," akasema. "Alininyoa nywele za kwanza. Lakini mama yake hukumchora."

Nikasema sijui jina lake.

"Hata mimi. Tulimwita Mama Mmanyema."

Akanieleza polepole. Yule mwanamke aliletwa Tabora akiwa mtoto, kutoka ng'ambo ya ziwa Tanganyika, katika ule msafara ambao si wote waliotembea kwa hiari. Akapita mikono miwili mitatu mpaka akaishia nyumbani kwa mzee wetu, ambaye wakati huo alikuwa nyampara, mtu mwenye watu. Mke hakuwa. Mtumishi wa mshahara hakuwa. Bibi hakulitamka lile neno, na mimi sikumlazimisha. Kisha, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, mzee alisafiri kwa zaidi ya mwaka. Aliporudi alimkuta Mama Mmanyema ana mtoto wa kike anayetambaa.

"Akamuuliza ni wa nani?" nikauliza.

"Mzee alimbeba, akampa jina lake. Basi. Nani angeuliza tena?"

Lakini akaongeza kwamba kaka yake, yaani babu yangu, alikuwa akishikilia kwamba mtoto ni wa mzee halisi na kwamba safari haikuwa ndefu hivyo. Hadithi mbili katika nyumba moja. Mwenye jibu alizikwa zamani.

Sheria za enzi ile zinaeleza ukimya huo. Wajerumani walitangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya Desemba 31, 1905 ni huru, lakini utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu, chini ya Waingereza. Katikati hapo familia nyingi zilifanya lilelile alilofanya mzee: zikawavika watu jina la nyumba, kisha zikafunga mlango wa maswali. Ilikuwa heshima, na ilikuwa pia njia ya kufuta. Ukienda pale Kwihara kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 utaonyeshwa chumba chake. Akina Mama Mmanyema walilala chumba kipi, hilo nililiuliza moyoni tu.

Sasa tazama nilichokuwa nacho kwenye daftari. Kama binti ni wa mzee, basi mimi na mwenzangu tunakutana kwa mwanamume mmoja tu, maana mama ni mbalimbali. Ni nusu ya ubinamu wa daraja la pili, ngazi moja. Kama si wake, hatuna undugu wa damu kabisa na naweza kuolewa kesho asubuhi. Ila ili niolewe kwa njia hiyo ya pili, lazima mtu asimame mbele ya kikao aseme kwamba bibi mkubwa wa bwana harusi alizaliwa na mtumwa na baba hajulikani. Mbele ya baba yake, mzee wa miaka themanini anayejitambulisha kwa jina la ukoo ule tangu azaliwe.

Sheria, dini na daktari

Niliporudi Dar nilifanya nilichopaswa kufanya na ninawashauri nanyi mfanye, kabla ya kulia.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 14, inataja wasiooana: mzazi, mtoto, babu na bibi, mjukuu, kaka na dada, shangazi na mjomba, mpwa, pamoja na ndugu wa babu na bibi. Binamu hayumo. Na mjomba wa kifungu hicho ni kaka wa mama, siyo kila anayeitwa mjomba kwenye sherehe. Majirani zetu wa Kenya ni wakali zaidi: sheria yao ya ndoa ya mwaka 2014 inakataza mabinamu, ila inawaacha Waislamu nje ya katazo hilo.

Sisi ni Waislamu pande zote mbili, na wanaokatazwa wametajwa katika Sura An-Nisaa, aya ya 23. Mabinamu hawamo. Aya hiyo hiyo inakataza walionyonya ziwa moja, kwa hiyo ulizeni na hilo, hasa kama mama zenu walikuwa majirani. Wenzetu Wakatoliki wana hesabu yao: kanuni ya 1091 inazuia mpaka binamu wa daraja la kwanza, na hapo askofu anaweza kutoa ruhusa. Daraja la pili linapita. Lakini ukiwa na wazee kama wa upande wa mama yangu, sheria na dini vyote vinaweza kukuruhusu na bado mtu akakataa kula pilau yako.

Damu nayo ina hesabu. Binamu wa daraja la kwanza huwa na wastani wa asilimia 12.5 ya urithi unaofanana, wa pili kama asilimia 3, wa tatu chini ya asilimia 1. Kila ngazi inakata nusu, na mkikutana kwa mzazi mmoja tu badala ya wawili, nusu tena. Kwetu ilitoka chini ya asilimia 1. Utafiti mkubwa uliofanywa Bradford, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha watoto wa mabinamu wa kwanza wana uwezekano wa kama asilimia 6 wa kuzaliwa na kasoro, dhidi ya asilimia 3 kwa wasio na undugu. Si jambo la kupuuza, hasa kama ukoo umeoana vizazi kwa vizazi, lakini pia si lile jinamizi tunalotishiwa. Kinachonisumbua ni kwamba tunahangaika na babu wa mwaka 1900 halafu hatupimi selimundu, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nao. Wawili wenye AS, hata kama mmoja katoka Tabora na mwingine Mtwara, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Tulipima. Mimi AA, yeye AS. Tukashusha pumzi.

Na DNA je? Rafiki zangu wote waliniuliza. Kipimo kingeweza kutuambia, au kingeshindwa, maana kwa umbali huo alama zinaweza zisionekane hata kwa ndugu wa kweli. Lakini tatizo letu halikuwa kukosa jibu.

Nilimweleza mwenzangu kila kitu, ufukweni Coco, muhogo umepoa mkononi. Nilidhani atafurahi: njia ya kutoka ipo. Alikaa kimya akitazama maji, kisha akasema, "Yule bibi alipewa jina na mtu ambaye hakulazimika. Mimi siendi kumrudishia." Akasema kama ni lazima awe mjomba wangu ili bibi yake abaki kwao, basi atakuwa mjomba na atanioa hivyohivyo.

Nikambishia. Nilimwambia kumficha Mama Mmanyema tena ni kumzika mara ya pili. Tuligombana kidogo, ugomvi wa kwanza wa maana katika uchumba wetu. Mwisho tulikubaliana hivi: kikao kitaambiwa tunakutana kwa mzee, mama tofauti, na duara la yule mama litachorwa kwenye chati ya ukoo, na aliyetoka ataandikwa: Manyema. Hadithi ya safari ya mwaka mmoja nimeandika hapa bila jina la mtu, na baba mkwe aliridhia baada ya kusomewa. Aliisikiliza mpaka mwisho, akasema alikuwa anajua. Mama yake alimwambia akiwa na miaka kumi.

Kikao kilichukua saa tano. Chati niliibandika ukutani, na wazee wanne walisimama kuihakiki kwa vidole, wakabishana kuhusu watoto wa mke mdogo ambao mimi sikuwa hata na habari nao. Tukapata ndugu wapya saba, wawili wanakaa Tabata. Mjomba wangu alikubali kwamba nusu daraja la pili ngazi moja ni mbali, lakini akadai mbuzi wa ziada, "wa kumvua ujomba". Hakuna aliyewahi kusikia mbuzi wa namna hiyo. Alilipwa, akachinjwa, akaliwa siku hiyohiyo.

Ndoa ni baada ya Ramadhani. Mama bado akimpigia simu anaanza na "Hujambo kaka'ngu", naye anajibu "Sijambo dada", kisha wanacheka mpaka salio linaisha.